Henrietta Lacks, Mama wa Shamba la Tumbaku

Mmezoea kusoma katika kurasa hizi habari za maaskofu, wamisionari na walimu wa zamani. Safari hii tumeona tuwaletee habari za mama mmoja ambaye hakuwa na cheo chochote. Hakuanzisha shule, hakuandika kitabu, wala hakusimama mbele ya watu kuhutubia. Aliishi miaka 31 tu, akafa mwaka 1951, akazikwa bila hata jiwe juu ya kaburi lake. Hata hivyo jina lake leo linajulikana duniani kote, na binti wa Msasani anayechomwa sindano ya kuzuia kansa ya mlango wa kizazi anapata faida ambayo kwa sehemu ilitoka katika mwili wa mama huyo. Jina lake ni Henrietta Lacks. Tumemchagua kwa sababu maneno ni mengi sokoni na visimani juu ya sindano hiyo, na tunaamini kwamba mwenye kuyajua maisha ya mama huyu ataweza kuyapima maneno hayo mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 1 Agosti 1920 katika mji wa Roanoke, jimbo la Virginia, nchini Marekani. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Loretta, na namna lilivyogeuka kuwa Henrietta hata ndugu zake hawakuijua. Alipokuwa na umri wa miaka 4 mama yake alifariki akijifungua mtoto wa kumi. Baba aliona mzigo wa kuwalea wote umemshinda, akawarudisha kijijini Clover, katika jimbo hilo hilo, akawagawa kwa ndugu, huyu hapa na yule pale. Henrietta akaangukia kwa babu yake, Tommy Lacks.

Nyumba ya babu ilikuwa ya magogo, yenye ghorofa moja, na zamani walilala humo watumwa wa shamba la tumbaku. Wajukuu wa watumwa hao sasa walikuwa watu huru kwa sheria, lakini waliendelea kulima tumbaku katika ardhi ile ile. Wenzetu wa Chunya wanaijua kazi ya tumbaku: kuotesha miche, kuipalilia, kuchuma jani moja moja, kuyatundika majani bandani yakauke, na mwisho kungoja bei ya mnadani. Henrietta aliifanya kazi hiyo tangu utoto. Shule alikwenda pale kazi ilipopungua, nayo ilikuwa shule ya watoto Weusi, kwani shule ya Wazungu iliyokuwa njiani haikumhusu. Alifika darasa la sita, akaacha.

Katika nyumba ya babu alikuwapo mjukuu mwingine, David, aliyemzidi Henrietta kwa miaka mitano hivi. Walilelewa pamoja, wakalala chumba kimoja, na Henrietta alipata mtoto wake wa kwanza, Lawrence, mwaka 1935, akiwa na miaka 14. Wa pili, Elsie, alizaliwa mwaka 1939. Ndoa ilifungwa tarehe 10 Aprili 1941. Kwa mila za Wanyakyusa ndoa ya wajukuu wa babu mmoja ingeleta kelele kubwa, lakini hatuko hapa kuwahukumu watoto yatima waliolelewa katika chumba kimoja.

Mwaka huo huo wa 1941 viwanda vya chuma vilikuwa vikihitaji vibarua wengi kwa sababu ya vita. David alipata kazi katika kiwanda cha Sparrows Point, karibu na mji wa Baltimore, jimbo la Maryland, na Henrietta akamfuata pamoja na watoto. Walikaa Turner Station, mtaa wa wafanyakazi Weusi. Waliomfahamu walisimulia kwamba alikuwa mama mchangamfu, mpenda kucheza dansi, aliyepaka kucha zake rangi nyekundu, na ambaye chungu chake hakikuwa kidogo kwa mgeni. Kila kijana aliyetoka Clover kutafuta kazi alifikia kwake, akala, akalala sakafuni mpaka alipopata pa kwenda. Sisi tulio na ndugu Mbeya au Dar es Salaam tunaijua nyumba ya namna hiyo.

Watoto wengine watatu walizaliwa huko Maryland. Elsie alikuwa na kifafa, wala hakuweza kusema. Henrietta alimtunza mwenyewe kwa miaka mingi, mpaka ilipobidi apelekwe katika hospitali ya wagonjwa wa akili iliyotengwa kwa ajili ya Weusi. Mama alikuwa akienda kumtazama kila alipoweza. Elsie alifia huko mwaka 1955, akiwa na miaka 15, na wakati huo mama yake alikuwa amekwisha kumtangulia.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Kabla ya mimba yake ya mwisho Henrietta aliwaambia ndugu zake wa kike kwamba anahisi kitu kama fundo tumboni. Wao walimshauri aende hospitali, naye hakwenda. Baadaye akachukua mimba, wote wakadhani fundo lilikuwa hiyo mimba, na maneno yakaishia hapo. Mtoto alizaliwa Novemba 1950. Fundo halikuondoka, na damu ikaanza kumtoka nje ya siku zake. Tarehe 29 Januari 1951 mumewe alimpeleka kwa gari hospitali ya Johns Hopkins, mwendo wa karibu kilomita 32. Zilikuwapo hospitali nyingine, lakini Johns Hopkins ilikuwa moja ya hospitali chache zilizowapokea maskini Weusi, na hata humo wodi zao zilikuwa mbali na za Wazungu. Mume alibaki garini na watoto, mama akaingia peke yake. Daktari aliona uvimbe katika mlango wa kizazi, yaani ile sehemu ya chini ya mji wa mimba inayofungukia ukeni. Alikata kipande kidogo kikapimwa. Ilikuwa kansa.

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Mwaka 1943, miaka minane kabla ya kifo cha Henrietta, mganga Mgiriki aliyehamia Marekani, Georgios Papanikolaou, pamoja na mwenzake, walikuwa wamekwisha kuchapisha kitabu kinachoonyesha jinsi ya kuitambua kansa hii mapema. Daktari huchukua ute kidogo kwenye mlango wa kizazi, akaupaka juu ya kioo na kuutazama kwa darubini. Chembe hai zilizoanza kuharibika huonekana miaka mingi kabla hazijawa kansa, na hapo kuziondoa ni kazi ndogo. Basi kipimo kilikuwapo, na kilijulikana kwa mabingwa wa hospitali ile ile aliyokwenda. Hakikuwa kimewafikia akina mama wa Turner Station. Henrietta alijifungua watoto watano na hakuna aliyemwambia kwamba kuna kitu cha namna hiyo. Miaka iliyofuata alitokea daktari mmoja Mweusi wa Philadelphia, mama Helen Dickens, aliyeona kwamba kuwangoja akina mama hospitalini hakutoshi, akafanya bidii kukipeleka kipimo hicho kwa akina mama Weusi kule kule walikokaa. Kwa Henrietta ilikuwa imechelewa.

Matibabu ya siku zile yalikuwa vijiti vyenye madini ya radi vilivyoshonewa ndani kando ya uvimbe, kisha miale iliyochomwa tumboni siku nyingi mfululizo mpaka ngozi ikaungua ikawa nyeusi kama mkaa. Kwa muda mrefu Henrietta hakuwaeleza ndugu zake anaumwa nini. Alikwenda, akarudi, akapika, akanyamaza. Katika jalada lake kumeandikwa jambo moja ambalo sisi tuliofundisha kwa miaka mingi tumelitafakari sana. Baada ya matibabu ndipo alipoambiwa kwamba hatazaa tena, naye akajibu kwamba kama angaliambiwa mapema asingalikubali kutibiwa. Daktari alikuwa amefanya kazi yake ya mikono. Kazi ya kueleza hakuifanya. Chuoni tulifundishwa kwamba mwanafunzi asiyeelezwa sababu hujitungia sababu yake mwenyewe, na hilo si la wanafunzi peke yao.

Alilazwa tena Agosti 1951, hakutoka. Kansa ilikuwa imeenea karibu mwili mzima. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1951. Jeneza lilirudishwa Clover, akazikwa karibu na mama yake. Mtoto wake mdogo alikuwa hajatimiza mwaka.

Tungeweza kukomea hapo, kwa maana wako akina mama wengi waliokufa hivyo, na wengine tumewazika sisi wenyewe hapa Rungwe bila kutajiwa jina la ugonjwa. Lakini habari za Henrietta hazikwisha pale kaburini. Alipokuwa chini ya dawa ya usingizi, kabla ya kushonewa vijiti vile, daktari alimkata vipande viwili vidogo, kimoja cha uvimbe na kimoja cha sehemu nzima, bila kumwomba ruhusa. Vilipelekwa kwa bwana George Gey, mtaalamu aliyekuwa akijaribu kwa miaka mingi kukuza chembe hai za binadamu ndani ya chupa. Kila alipojaribu zilikufa baada ya siku chache. Za Henrietta hazikufa. Kila baada ya saa 24 hivi ziliongezeka maradufu, na hazikukoma. Gey akawagawia wataalamu wenzake bure, zikapewa jina la HeLa, herufi mbili za jina lake na mbili za ukoo wake. Mwaka 1953 chuo cha Tuskegee huko Alabama, chuo cha watu Weusi, kilianza kuzikuza kwa wingi mno ili kuipima chanjo ya kwanza ya polio. Wazee wanaokumbuka vijana waliolemazwa na polio katika vijiji vyetu wanajua faida yake. Chembe hizo zilirushwa hata angani mwaka 1960, katika chombo cha Warusi.

Wakati huo wote mumewe na watoto hawakujua lolote. Watu walidhani mwenye chembe zile aliitwa Helen Lane. Mwaka 1973 ndipo jamaa walipofahamu, pale wataalamu walipotaka damu yao kwa uchunguzi. Binti yake Deborah alidhani anapimwa kansa iliyomwua mama yake, akaishi na hofu akingojea majibu yasiyokuja. Makampuni yalikuwa yakiuza chembe za mama yao, na wao wengine hawakuwa na fedha za kumlipa daktari. Ilipofika tarehe 1 Agosti 2023, siku ambayo Henrietta angetimiza miaka 103, ndipo kampuni moja kubwa, Thermo Fisher, ilipopatana na jamaa zake. Kiasi kilicholipwa hakikutangazwa.

Kwa upande wetu jambo kubwa zaidi lilitokea Ujerumani. Mtaalamu Harald zur Hausen aliamini kwamba kansa ya mlango wa kizazi huletwa na kirusi, jambo ambalo wengi hawakulikubali. Mwaka 1983 alikitambua kirusi cha kwanza cha kundi la HPV katika kansa hiyo, kilichopewa namba 16, na mwaka 1984 cha pili, namba 18. Alipotazama ndani ya chembe za HeLa alikikuta namba 18 kimejificha humo. Kumbe yule aliyemwua Henrietta alikuwa bado yumo ndani ya chupa, miaka 33 baada ya mazishi. Virusi hivyo viwili peke yake huleta karibu kansa 70 katika kila 100 za mlango wa kizazi. Kutokana na ugunduzi huo chanjo ikatengenezwa, ikaanza kutumika mwaka 2006, na zur Hausen akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Kirusi hiki hupatikana kwa kujamiiana, na hapa ndipo aibu inapoingia na kufunga vinywa. Tuseme wazi. Karibu kila mtu mzima aliyewahi kujamiiana, mwanamume kwa mwanamke, hukipata wakati fulani wa maisha yake. Mama aliyeolewa kanisani na kutulia nyumbani kwake anaweza kukipata kwa mumewe, na mume naye huenda alikuwa nacho kabla hawajaonana. Kwa watu wengi mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wachache hubaki, kikaharibu chembe za mlango wa kizazi polepole kwa miaka 15 hata 20. Kwa mama mwenye virusi vya UKIMWI mwendo ni wa haraka zaidi, na hatari yake ni mara sita ya wengine. Kwa hiyo anayesema kwamba mama fulani ameugua kwa sababu ya tabia yake anasema asilolijua, na maneno yake huwafanya wengine wafiche damu inayowatoka mpaka isiweze kufichika.

Tarehe 13 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilimpa Henrietta heshima huko Geneva, na aliyepokea kwa niaba yake ni mwanawe Lawrence, yule aliyezaliwa mwaka 1935 kule Clover. Shirika lilikiri siku hiyo kwamba chanjo iliyotokana na chembe za mama Mweusi ilikuwa haijawafikia vya kutosha wanawake Weusi. Nchi tajiri zaidi ya 85 katika kila 100 zilikuwa nayo, na nchi maskini zilizokuwa nayo hazikufika 25 katika kila 100. Huko Marekani kwenyewe wanawake Weusi bado hufa kwa kansa hii kuliko Wazungu.

Tanzania haimo katika zile zilizoachwa nyuma. Chanjo ilijaribiwa kwanza mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, na Aprili 2018 ikatolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, sindano mbili. Tangu Aprili 2024 sindano ni moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Na haja ipo. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha wanawake zaidi ya 10,000 wa nchi hii wakipatwa na kansa ya mlango wa kizazi kwa mwaka mmoja, na zaidi ya 6,000 wakifa. Ndiyo kansa inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko kansa nyingine yoyote.

Sasa yale maneno ya sokoni. Wapo wazazi wanaowaficha binti zao siku ya chanjo kwa kuwa wamesikia kwamba sindano inaua uzazi. Tunawaelewa, maana hata Henrietta aliogopa jambo hilo hilo, na kwake hofu ilikuwa ya kweli, kwani tiba ya kansa ndiyo iliyomwondolea uzazi. Lakini hiyo ilikuwa tiba, tena ya kansa iliyokwisha kukomaa. Chanjo ni kitu kingine. Ndani yake hamna kirusi kizima, wala chembe za Henrietta, wala dawa ya kupanga uzazi. Kuna protini iliyofanana na ganda la nje la kirusi, kama ganda la yai lisilo na kiini. Haliwezi kuangua kifaranga. Mwili wa binti hulitazama ganda hilo, ukajifunza kulipiga. Sababu ya kuwachoma wakiwa wadogo ni kwamba somo hilo lifike kabla kirusi hakijafika, basi. Kinachoondoa uzazi ni kansa yenyewe.

Kwa mama zetu na dada zetu waliokwisha kuolewa, iko njia nyingine, tena nyepesi kuliko ile ya kioo na darubini. Muuguzi hupaka siki iliyopunguzwa makali kwenye mlango wa kizazi, akangoja kidogo na kutazama kwa macho. Penye chembe zilizoharibika hugeuka rangi, pakawa peupe, na mara nyingi pakionekana padogo hutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa kwa baridi au kwa kuchomwa kwa joto. Ni shughuli ya dakika chache. Siku hizi kipo pia kipimo cha kukitafuta kirusi chenyewe, ambacho mama anaweza kujichukulia ute mwenyewe. Shirika la Afya Duniani hushauri kuanza kupima kwenye miaka 30, na mwenye virusi vya UKIMWI kwenye miaka 25. Hata binti aliyechanjwa atapima akifikia umri huo, kwa sababu chanjo haizuii aina zote za kirusi. Mama anayetokwa na damu nje ya siku zake, au baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, asingoje umri wala siku ya kliniki. Na waume tunawaomba nauli ya kufika hospitali Tukuyu isiwe jambo la kujadiliwa majuma mawili.

Mwaka 2010 daktari mmoja Mweusi aliyevutwa na habari za Henrietta alinunua jiwe, likawekwa Clover, likiwa na umbo la kitabu, na maneno yake yakaandikwa na wajukuu. Kabla ya hapo aliyetaka kuliona kaburi ilimbidi apelekwe na wenyeji, nao humwonyesha la mama yake, lililokuwa na alama, kisha husema kwamba Henrietta yuko hapo karibu.

Wasichana wasiokwenda shule, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, nao wana haki ya sindano hiyo moja. Mzazi au bibi anayemlea aende naye zahanati iliyo karibu, akamwulize muuguzi siku ya chanjo.